Siku mshauri aliponiuliza maji nimeyachota wapi

Ilikuwa mwezi wa tisa 2019, Dodoma imekauka, upepo unapeperusha vumbi mpaka ndani ya makabati. Nilikuwa nasoma masta ya kemia na maisha yangu yote yako maabara, kwenye mradi wa kutoa floraidi, ile chumvi ambayo ikizidi inaharibu meno na mifupa, kwenye maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa. Mradi ulikuwa wa ushirikiano, sisi huku na wenzetu wa chuo kimoja cha Ujerumani, na juu yetu kulikuwa na washauri watatu, mama mmoja profesa wa kemia ya nyuso, yaani yale yanayotokea juu ya uso wa kitu, kutoka Ujerumani, profesa mwingine wa Hyderabad, India, na mzee wetu Mgogo, mkemia wa maji aliyestaafu. Kazi yao haikuwa kutoa hela wala amri, walikuwa wanakaa na sisi mara moja kwa mwaka wanasoma kila tulichofanya kisha wanasema kama tunaenda au tunapotea.

Mifupa tulikuwa tunaokota mnadani Msalato, Jumamosi jioni watu wakishamaliza kula nyama choma. Tunaichemsha, tunaikausha, tunaichoma kwenye tanuri isiyoingiza hewa nyingi, nyuzi kama 500 hivi. Ukitoa punje zimekuwa nyeupe ujue umeunguza sana na nguvu imepungua, zikiwa za kahawia hazijaiva na maji yatakuja kunuka, tunachotaka ni ule weusi. Halafu kazi yenyewe inafanyika kwenye uso wa punje, na hapo ndipo nilipoipenda hii kemia kwa moyo wote, yaani ule uso ni kama basi lenye siti zake, kila siti inapokea abiria mmoja, floraidi inakuja inamwinua haidroksaidi, abiria aliyekuwa amekaa pale, na kukaa yenyewe, na siti zikijaa ndiyo mwisho. Mtu aliyeiandikia hesabu yake ni Irving Langmuir, Mmarekani, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1932, na mimi miezi nane nilikuwa nachora mstari wake nikitumia data zangu.

Na mstari ulikaa jamani. Siku ya kikao tulifunga mapazia ili projekta ionekane, nikasimama nikaeleza kama dakika ishirini, grafu baada ya grafu, floraidi inashuka kutoka miligramu 6 kwa lita mpaka chini ya 1, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Yule mama alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, msimamizi wa mradi ameshaanza hadi kuandika makala ya jarida, nami nikajua mwaka huu nimemaliza.

Mzee akavua miwani. "Binti, haya maji umeyachota wapi?"

Nikamwambia, mzee hatukuchota, ni maji ya distili, kama yale ya betri, tunayeyushia sodiamu floraidi tunapata kiwango tunachotaka.

"Kwa hiyo hakuna hata chupa moja ya kisimani."

"Hakuna mzee."

Akanyamaza kidogo kisha akaongea taratibu, bila ukali wowote, na nayakumbuka maneno yake kuliko grafu zote. Alisema zamani akiwa kazini kiwango cha muda cha floraidi kwa maji ya vijijini hapa Tanzania kilikuwa mpaka miligramu 8 kwa lita, na yeye kwa mkono wake amesaini karatasi nyingi za visima upande wa Singida kwamba maji yanafaa, maana kwa karatasi yalifaa, na watoto waliokunywa yale maji saivi ni watu wazima, akikutana nao anaangalia meno. "Sitaki kusaini karatasi nyingine ya maji ambayo hakuna anayeyanywa."

Chumba kikawa kimya kabisa. Msimamizi akajaribu kusema maji ya visima yako kwenye awamu ya pili, tumalize ripoti kwanza kwa sababu wafadhili wanaisubiri. Profesa wa Hyderabad akakataa palepale, akasema kwao wilaya ya Nalgonda imepewa hadi jina la njia ya kusafisha floraidi kwa shabu na chokaa kwa jinsi watu wa kule walivyoumia, na jambo alilojifunza ni kwamba kila kisima kina tabia yake, huwezi kukikisia ukiwa mezani.

Mimi nilikuwa nimesimama pale mbele na rimoti mkononi, machozi yanakaribia, miezi nane ya kulala saa nane usiku naiona inaondoka.

Hapo yule mama akafunga laptopu yake. Huyu maisha yake yote amesoma nyuso safi, zile zinazowekwa kwenye mtungi ulionyonywa hewa yote ili hata chembe ya uchafu isiguse, kwa hiyo mi nilidhani atanitetea. Akasema, "Huyu binti amefanya nilichomwambia. Mpango wa majaribio niliupitisha mimi mwaka jana, na swali hili nilitakiwa kuliuliza mimi. Kosa ni langu." Akasema hivyo mbele ya watu wote, msimamizi, wanafunzi wenzangu, mpaka dada aliyekuwa anatuletea chai. Sijawahi kumsikia mtu wa ngazi ile akiongea vile tena, na kwangu mimi ushauri ni ule.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulikuwa njiani, washauri wote watatu na mimi nyuma nimekumbatia kreti ya chupa za plastiki, maana floraidi hatuitunzi kwenye kioo. Bahi, Manyoni, tukapita mpaka kijiji kimoja mkoani Singida chenye pampu ya mkono. Mzee alishuka wa kwanza akawasalimia kina mama waliokuwa foleni, akaomba ruhusa, tukapanga chupa zetu nyuma ya madumu yao. Mama profesa akaonja maji kwenye kiganja, akauliza kama ni haya haya ya chai na ugali. Wakamwambia ndiyo, hakuna mengine.

Tulirudi Dodoma usiku na hakuna aliyekubali kwenda kulala. Nikapima pH kwanza, yaani maji yameelemea asidi au alkali, ikaja 8.4, upande wa alkali. Nikaweka mkaa uleule, uzito uleule, nikatingisha kwa muda wa saa mbili, nikachuja, nikatia elektrodi, kile kifaa cha kupimia floraidi. Floraidi iligoma juu ya miligramu 2 kwa lita. Nikarudia, ikagoma tena. Mama akachukua chaki akachora ubaoni lile basi langu, akanionyesha kwamba maji ya kisima yamejaa baikaboneti, chumvi nyingine iliyoyeyuka, na haidroksaidi nayo imeongezeka, zote zinataka siti zilezile, na tena pH ikipanda hivyo uso wa punje unaanza kubeba chaji hasi na kuisukuma floraidi mbali. Kwenye maji ya betri basi langu lilikuwa na abiria mmoja tu stendi nzima. Saa sita usiku tulikuwa bado pale, profesa wa India anaosha bika, mzee ananisomea namba naandika.

Kitabu changu cha maabara nilitaka kuchana zile kurasa za nyuma, niliona kama aibu. Mama akanishika mkono. Akaniambia ukurasa wa maabara hauchanwi, piga mstari mmoja ambao bado utaruhusu kusoma, andika sababu, weka tarehe. Nikaandika "maji ya distili tu, hayawakilishi kisima." Akasaini yeye kwanza chini yake, halafu profesa, mzee akawa wa mwisho, akachukua muda mrefu kusoma ile sentensi kabla hajaweka kalamu.

Kitabu ninacho mpaka leo, kimekaa juu ya kabati langu hapa Area C, kimeanza kuachia gundi. Chini ya saini tatu kuna mstari wa kwanza wa usiku ule, mwandiko wangu umepinda kwa usingizi: maji ya kisima, pH 8.4, mkaa wa Msalato.