Asali yangu iliposomeka sabuni

Nilipeleka katoni mbili kwa bajaji kutoka Isevya hadi duka moja kubwa hapa Tabora mjini. Keshia akapitisha chupa ya kwanza kwenye skana, ikalia vizuri. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi. "Mama, hii inasema ni sabuni ya unga."

Kosa lilikuwa langu. Bakodi, ile mistari inayosomwa na skana, niliichora mwenyewe kwa programu ya bure ya simu. Nilichukua pakiti ya sabuni jikoni, nikanakili namba yake inayoanza na 620, nikabadilisha tarakimu mbili karibu na mwisho. Kumbe nimeangukia sabuni nyingine ya kiwanda kilekile! Na skana isingeweza kugundua wizi wangu, maana tarakimu ya 13 ya EAN-13, bakodi ya kawaida ya bidhaa za dukani, hukokotolewa tu kutokana na zile 12 za mbele: unazizidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana, unajumlisha, kisha unatafuta namba ya kufikisha jumla kwenye kumi kamili. Inanasa kosa la kuandika. Kujua namba ni mali ya nani si kazi yake.

Nikaomba namba zangu halali GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi. Ile 620 inaonyesha namba imetolewa na wao. Haithibitishi kwamba asali imetoka Sikonge, ingawa wateja wengi wanaamini hivyo na mimi siwabishii.

Namba halali nayo ikagoma. Mchoraji wa lebo alipaka mistari rangi ya asali juu ya karatasi nyeupe, ikapendeza kweli. Lakini skana nyingi humulika mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo rangi ya chungwa haitofautiani na nyeupe. Tukarudi kwenye nyeusi. Bado chupa ndogo zikasumbua, kwa sababu mistari iliyosimama ilizunguka na mviringo wa chupa, ya pembeni ikajificha. Nikailaza bakodi ubavu, mistari ikakaa kama vipago vya ngazi. Tangu siku hiyo inasoma kwa mara moja. Hili hakuna aliyeniambia, nililipata baada ya kuharibu lebo mia tatu.

Stoo ni habari nyingine. Kule sihitaji namba ya dunia nzima, nahitaji kujua ndoo hii imetoka kijiji gani, mwezi gani, kwa mrina asali yupi. EAN-13 haipokei herufi hata moja. Nilijaribu Code 39, aina nyingine ya bakodi, inapokea herufi kubwa na tarakimu, ila ni ndefu mno, lebo ikanizidi. Code 128 ikabeba maandishi yaleyale kwenye nafasi fupi zaidi, na ndiyo iliyobandikwa kwenye ndoo zote. Katoni nimezipa ITF-14, bakodi ya tarakimu 14 ambayo inavumilia uchapaji wa kukwaruza kwenye boksi.

QR nimeiweka nyuma ya chupa, kwa ajili ya mteja mwenye simu anayetaka kuona mizinga. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari, na inaweza kusomeka hata ikipoteza hadi asilimia 30 hivi ya alama zake, ikiwa umechagua kiwango cha juu cha kujisahihisha. Kwa asali inayochuruzika kwenye lebo, hiyo ni neema. Keshia mmoja alinipa kazi ya kuomba radhi alipoimulika kwa skana yake ya leza mara tano bila mafanikio: leza inasoma mistari tu, QR inataka kamera. Sasa nimeandika pembeni yake "kwa simu".

Kilichobaki ni jua. Lebo za karatasi ya joto, inayochapwa kwa joto bila wino, nilizobandika kwenye ndoo zilizokaa nje Oktoba nzima zilififia, na mpaka leo nina ndoo mbili nisizojua ni za nani.