Mpwa wangu na vihusishi vya wakati

Jana jioni nilikuwa namsaidia mpwa wangu wa kidato cha pili na vihusishi vya wakati vya Kiingereza. Kanuni anazo kichwani: saa ni "at", siku na tarehe ni "on", mwezi na mwaka ni "in". "In the morning" kaandika vizuri. Tukafika "on Monday morning", akanikazia macho. Nikamwambia siku ikishatajwa, yenyewe ndiyo inaamua.

"Sasa mjomba, mbona usiku ni at night?"

Hapo hakuna kanuni, ni mazoea ya wenye lugha. Sikuthubutu kumgusia kuwa Waingereza husema "at the weekend" na Wamarekani "on the weekend".

Kwangu mimi mtego mkubwa ni "by" na "until". Ukiambiwa ripoti iwe tayari "by Friday", hata Jumatano unaruhusiwa kuikabidhi. Ukiambiwa ufanye kazi "until Friday", huchomoki kabla ya Ijumaa!