Siku moja maishani mwangu: kutoka karakana ya Kisongo hadi mti wa hitilafu

Saa 12:30 asubuhi

Wenzangu wa Ulaya bado wamelala, kwa hiyo huu ndio muda wangu wa kusoma kwa utulivu walichoniachia jana. Nasanifu skrini za programu mbili zinazolishana. Moja iko mikononi mwa mafundi wa ndege, wanaandika humo kila kifaa walichokifungua na hitilafu waliyoikuta. Ya pili ni ya wahandisi wa usalama: wanachukua kumbukumbu hizo na kukokotoa uwezekano wa hitilafu moja, au kadhaa zikikutana, kuiangusha ndege. Majirani zangu hapa Njiro, Arusha, wanajua tu kwamba nafanya mambo ya kompyuta. Kazi yenyewe ni kuhakikisha fundi anaandika kile alichokiona, na mhandisi anasoma kile kilichoandikwa.

Saa 1:15

Hiace ya mjini, kisha nyingine ya Kisongo. Meru iko wazi, haina wingu.

Saa 2:20

Asubuhi uwanja wa ndege wa Arusha haupoi. Ndege ndogo, nyingi zikiwa Cessna Caravan, zinapakia watalii wa Serengeti, na karakana inataka kumaliza kazi zake kabla marubani hawajaanza kuulizia ndege zao. Nimeruhusiwa kukaa pembeni na kutazama. Siulizi mtu kama anaipenda programu. Watu ni waungwana, watasema ni nzuri. Natazama mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vaa kwanza reflekta, halafu njoo uone."

Mzee huyu, fundi wa ndege, ameondoa jenereta inayowasha injini ya Caravan, ile ambayo injini ikishawaka inageuka kuzalisha umeme wa ndege. Ndani yake kuna brashi za kaboni zinazolika taratibu, na kitabu cha matengenezo kinataka zikaguliwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Zimefika kikomo, basi jenereta imetoka. Haijaharibika. Jana imewasha injini vizuri tu.

Sasa anaingiza taarifa kwenye kishikwambi. Vidole vina grisi, kwa hiyo anabonyeza kwa fundo la kidole cha mwisho. Jua linapiga kioo. Anageuka kulipa mgongo ili kivuli chake kifunike skrini. Sehemu ya "Sababu ya kuondoa" inafungua orodha ndefu inayoanza na "Imeharibika". Jibu lake, "Imefikia kikomo", liko chini kabisa, halionekani. Anasukuma orodha kwa fundo, inaruka. Anairudisha, inaruka tena. Mwishowe analipata, kwa kuwa ni mtu makini na mimi nimesimama pale. Ije jioni, taa hafifu, ndege inasubiriwa, na kijana aliyeanza kazi juzi: atabonyeza la kwanza.

Na bonyezo hilo lina safari ndefu. Kiwango cha kifaa kufeli hupatikana kwa kugawa idadi ya mara kilizofeli kwa jumla ya saa kilizofanya kazi. Jenereta isiyo na hitilafu ikihesabiwa kuwa imekufa, mhandisi aliyeko maelfu ya kilomita anaanza hesabu na namba isiyo ya kweli, na hakuna kitu kwenye skrini yake kitakachomshtua. Kinyume chake kinanitisha zaidi: kifaa kilichokufa angani kikiandikwa kuwa kilifikia muda wake, kinaonekana cha kuaminika kuliko kilivyo.

Kuna na jambo la saa. Namuuliza mzee aliitoa saa ngapi, anajibu, "Saa 2 kamili." Saa yake ya mkononi ilikuwa 8:00. Kwa UTC, ambayo ndiyo saa ya usafiri wa anga duniani, ilikuwa 5:00. Zote tatu ni sahihi, na zote tatu zinaweza kuishia kwenye kisanduku kimoja. Naandika kwenye daftari: tuonyeshe saa ya hapa na ya UTC kwa pamoja, fundi asipewe mzigo wa kujumlisha na kutoa.

Saa 4:40

Kabla ya kuondoka namchorea kwenye karatasi. Orodha nimeitoa mbele, badala yake kuna swali: "Kilikuwa kinafanya kazi ulipokiondoa?" Chini yake vitufe viwili vipana, Ndiyo na Hapana. Sababu zinafuata baadaye, na zinakuja zile tu zinazoendana na jibu. Anabonyeza karatasi kwa fundo lilelile. "Hii naipata hata na glavu," anasema. Naondoka nimeridhika.

Saa 7 mchana

Loshoro kwa mama ntilie, kisha nyumbani.

Saa 8 mchana

Upande wa pili wa kazi: mti wa hitilafu. Njia hii ilianzia Bell Labs mwaka 1962, kwenye makombora ya Minuteman ya Marekani, ikaenea hadi kwenye ndege. Juu unaweka tukio unaloliogopa, mathalani kupoteza umeme wote angani, kisha unashuka kwa matawi hadi kwenye kifaa kimoja kimoja. Matawi yanaunganishwa kwa malango: lango la AU, ambapo hitilafu moja inatosha, na lango la NA, ambapo lazima zote zitokee. Kwa ndege kubwa za abiria, hitilafu ya kuleta maangamizi inatakiwa isizidi kiwango cha mara 1 katika saa bilioni 1 za kuruka. Kwa ndege moja isiyotua, hiyo ni zaidi ya miaka 114,000.

Kwenye skrini kiwango hicho huandikwa 1E-9. Mara 1 katika saa milioni 1 huandikwa 1E-6. Itazame tarakimu ya mwisho kwa macho yaliyoshinda mbele ya kioo: 9 na 6 ni umbo moja lililopinduliwa, na tofauti yake ni mara 1,000.

Usafiri wa anga unalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 1992, Airbus A320 ya Air Inter iliyokuwa ikielekea Strasbourg, Ufaransa, ilianguka mlimani na kuua watu 87 kati ya 96. Wachunguzi waliona kuna uwezekano kwamba marubani walitaka kushuka kwa nyuzi 3.3, huku mtambo unaoiongoza ndege ukiwa kwenye hali ya kushuka kwa kasi ya wima. Kwenye kidirisha, -33 ilimaanisha futi 3,300 kwa dakika. Kidirisha kilekile, tarakimu zilezile, maana mbili. Baadaye kilibadilishwa, kasi ikaonyeshwa kwa tarakimu nne.

Kwa hiyo kila namba kwenye mti wetu nimeipa mstari mfupi pembeni, unaoonyesha imevuka kikomo au bado, na kwa umbali gani. Rangi nyekundu na ya kaharabu (njano iliyokoza) sipambii kitu. Kwa rubani nyekundu ni onyo na kaharabu ni tahadhari; nikiipaka nyekundu kitufe cha kufuta, nimeichakaza.

Saa 10 alasiri

Kikao na wahandisi wa Ujerumani. Hoja ni lango la NA. Vifaa viwili, kila kimoja kinafeli mara 1 katika saa 100,000. Ukizidisha unapata mara 1 katika saa bilioni 10, na kila mtu anafurahi. Lakini kuzidisha kunaruhusiwa tu kama kufeli kwa kimoja hakuhusiani na kufeli kwa kingine. Ukiwa na jenereta mbili zinazonywa dizeli ya pipa moja, una pipa moja.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 ya shirika la United la Marekani, safari 232, ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki. Feni ya injini ya mkiani ilipasuka, vipande vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu. Marubani waliifikisha Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Watu 184 kati ya 296 walinusurika.

Nataka lango la NA lisitoe namba iliyokamilika hadi mhandisi aeleze kwa nini anaamini matawi yake hayahusiani. Mmoja anapinga: mti una maelfu ya malango, ukiweka onyo kila mahali watu watayapuuza yote. Ana hoja nzito. Tunafikia hapa: lango lisilothibitishwa lichorwe kwa mstari wa nukta, na nukta hizo zipande hadi kwenye namba ya juu kabisa, ile inayopelekwa kwa wakaguzi. Hakuna kengele wala kidirisha cha kufunga. Ila hakuna atakayeweza kuchapisha namba safi juu ya msingi usiokaguliwa.

Saa 1 usiku

Namtumia mzee picha ya skrini mpya. Anajibu kwa sauti: "Nzuri mwanangu. Lakini kuna vifaa nakuta vimeshafunguliwa na watu wa zamu ya usiku. Hapo nibonyeze nini? Weka na Sijui."

Nimekiweka kitufe cha tatu, upana uleule. Nimewaandikia Wajerumani kwamba "Sijui" isihesabiwe upande wowote hadi aliyekifungua kifaa apatikane na kuulizwa, na jina la zamu lijazwe hapo hapo ili apatikane kweli.