Njuga za vizibo vya soda

Mwaka 2012 binti yangu alikuwa darasa la tatu, na ikifika Jumamosi hakamatiki. Saa mbili asubuhi keshaoga, keshakunywa chai, khanga ya mama yake iko kwapani, kasimama mlangoni pa karakana yangu pale Mbagala ananisubiri nizime mashine ya kuchomelea. Nami nina geti la mtu, advansi nimeshaila, mwenyewe anapiga simu kila baada ya nusu saa.

"Baba, tutachelewa."

"Nakuja, mama."

Namwita mama kwa sababu kabeba jina la mama yangu mzazi.

Mazoezi yalikuwa nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, chini ya mwembe, watoto kumi na kitu. Ngoma yenyewe ni sindimba, na hapo ndipo palipokuwa na neno. Mimi Mmakonde wa Newala. Nilikuja Dar kijana, utani wa watu ukanichosha mapema, nikajizoeza mtu akiniuliza kwetu wapi namjibu "Kusini", basi, tunaongea mengine. Sindimba niliijua kwetu, ngoma ya vijana wanapotoka jandoni. Baada ya Uhuru ikachukuliwa na vikundi vya taifa, ikaingia mashuleni, ikawa hata mtu wa Moshi anaikatia kiuno. Sasa imenifuata mpaka Mbagala, kwa mtoto wangu mwenyewe! Nikasema aende twisheni ya hisabati.

Mke wangu Mzaramo, hakuniachia. "Angesema anaenda mdundiko ningekuelewa ukikataa," akasema. "Mdundiko unapotea na mtoto." Yeye mwenyewe udogoni aliufuata mdundiko mtaa kwa mtaa toka Buguruni, giza likamkuta hajui yuko wapi, akarudishwa na mama mmoja muuza maandazi. Kipigo alichokula siku hiyo bado anakisimulia kama sherehe.

Basi nikawa nampeleka. Jumamosi ya kwanza nilisimama nje kando ya ua, mikono mfukoni. Ya pili nikapewa kigoda. Kufika ya nne nimeshakuwa mtu wa kupasha ngoma: mwalimu anawasha makuti makavu, mimi naigeuza ngoma juu ya moto, ngozi inakaza, anaipiga kwa vidole, anatikisa kichwa, narudisha. Ikilia sawasawa hasemi kitu, anainyakua tu. Mwezi mzima hakuwafundisha watoto kiuno. "Miguu kwanza," akiwaambia. "Kiuno kitakuja chenyewe." Wakawa wanakanyaga mchanga mpaka vumbi linaingia kwenye sufuria za jirani.

Siku ya kuonyesha ikapangwa: Jumapili, Kijiji cha Makumbusho, kule barabara ya Bagamoyo. Kila mzazi atengeneze njuga za mwanawe. Mimi fundi, nusu ya mageti ya mtaa wetu yametoka mkononi mwangu, njuga zitanishinda? Niliokota vizibo vya soda kwenye baa mbili na kwa mama ntilie, nikavigonga nyundo vikalala bapa, nikavitoboa kwa msumari, nikavifunga viwili viwili kwa uzi wa katani kwenye vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mke wangu akauvuta ule uzi, akaniuliza kwa nini nisitumie waya. Nikamwambia waya utamkwaruza mtoto. Ukweli ni kwamba waya wa baindingi ulikuwa umeniishia na nilikuwa na uvivu wa kwenda dukani.

Tulipanda daladala mpaka Kariakoo, tukabadilisha. Makumbusho tulifika mapema, watoto wakawa wanaingia na kutoka kwenye zile nyumba za makabila, msonge wa Wahaya ndio uliowapendeza zaidi kwa sababu ndani kuna giza. Mke wangu akamfunga binti kibwebwe, akakikaza kwa goti kama anafunga mzigo wa mkaa. Mimi nikamfunga njuga. Akaruka mara moja kuzijaribu. Zikalia vizuri, nikajisikia.

Ngoma ikaanza. Watoto wakaingia kwa mstari, wameinama kidogo, wanakanyaga. Wangu wa tatu. Uso kaukunja kama anapiga hesabu. Mwalimu akabadilisha mdundo, viuno vikaja, kweli vikaja vyenyewe, watu wakaanza kupiga vigelegele. Na hapo hapo nikaona kitu kinang'aa mchangani. Kizibo. Kingine. Uzi wa mguu wa kulia unaachia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Njuga ikateremka mpaka kwenye wayo, akaikanyaga, akayumba. Nikajua sasa analia. Hakulia. Alichuchumaa katikati ya wenzake, akaivua, akaokota vizibo vitatu vilivyoanguka, akatoka kwenye mstari mwendo wa kawaida kabisa, kama mtu aliyetumwa chumvi, akaja mpaka nilipokaa.

"Baba, nishikie."

Akarudi, nafasi yake ikamsubiri, akaingia palepale, mguu mmoja unalia na mmoja umenyamaza.

Watu walicheka sana. Mimi nimekaa na rundo la vizibo viganjani, na mikono inanitetemeka, kwa hiyo navyo vinalia. Wa mbele wakageuka. Nikavibana mapajani, vikalia zaidi. Mwalimu, bila kuacha kupiga, akanitazama, akainua kidevu kuelekea kwa binti. Nikaelewa. Nikawa navitikisa kila mguu wake wa kulia unapotua. Mara mbili nikakosea, mara ya tatu nikampata, na baada ya hapo sikuwa nafikiri tena. Mzee mmoja pembeni akaniinamia: "Wewe mtu wa wapi?"

"Newala," nikamwambia.

Mke wangu hakusema neno juu ya waya mpaka tulipofika kituoni. Hapo akasema yote.

Daladala ya kurudi ilijaa. Nilipata kiti kimoja, binti nikampakata, akalala kabla hatujafika hata Morocco. Njuga ya kushoto alikataa kuivua. Konda akaja anachezesha sarafu kiganjani, cha, cha, cha, na kila gari lilipoingia shimoni mguu wa mtoto ukawa unamwitikia. Konda akasita, akachezesha tena, akatega sikio. Akauangalia ule mguu, akaniangalia mimi.

"Mzee," akasema, "huyu naye konda?"