Mizani 8, picha 48

Tangu masika yaanze, kila Jumamosi, maji yakishakupwa, nimekuwa nikishuka ufukweni Sahare hapa Tanga kuokota vifaa vya utenzi wangu wa video kuhusu plastiki baharini. Sikutaka kuchora kasa na mawimbi kwa kompyuta; niliamua taka zenyewe ziwe wahusika, nizipange juu ya kitambaa cha buluu, nizipige picha kwa simu, nizisogeze kidogo, nipige tena, mpaka picha hizo zikiunganishwa taka zionekane zinakwenda zenyewe.

Hesabu ya mwendo ilinitatiza sana mpaka nilipouachia utenzi wenyewe uniongoze. Mshororo wa utenzi wangu una mizani 8, yaani silabi nane, nami nikiughani kwa mahadhi ya bibi yangu hutumia sekunde 4. Kwa kuwa kila sekunde naigawa kwa picha 12, kila mizani hupata picha 6, mshororo picha 48 na ubeti mzima picha 192. Tangu hapo sikisii tena. Najua kwamba mfuko lazima ufike kinywani mwa kasa pale pale silabi ya mwisho inapotua:

Mfuko unaelea,
kasa ausogelea,
njaa imemwelemea,
adhania ni riziki.

Mfuko huo ni ule mwepesi, mweupe, wa kufungia karanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli siku hizi naiona kwa nadra, lakini vifungashio, vizibo na chupa vingalipo. Vizibo ndivyo vilivyonifikirisha zaidi, kwa sababu naviokota kwa wingi kuliko chupa zake. Kizibo hutengenezwa kwa plastiki nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na mawimbi hukirudisha pwani. Chupa ya maji ya kunywa ni ya plastiki nzito kuliko maji ya bahari, ikishajaa huzama na kukaa huko tusikokuona. Katika ubeti wa tano, basi, chupa inashuka kutoka juu hadi chini kwa picha 48 kamili, na mshororo huo nimeuacha bila maneno, sauti ikivumisha mahadhi tu.

Nilipofika ubeti wa saba nilimpelekea kazi hiyo mzee jirani yetu, ambaye amevua samaki tangu ujana wake. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu.

“Mwanangu, samaki halii. Mwonyeshe anakula, mwenye macho ataona.”

Ubeti wa tatu ulikuwa na samaki anayetoa machozi, nami niliyakata machozi hayo kwa mkasi kutoka kwenye chupa, moja moja. Niliufuta wote, picha 192 za siku mbili, na sijutii, kwani naamini tungo nyingi za mazingira humlilia mtazamaji kabla yeye hajaona kitu.

“Na nyavu zetu je? Mbona umeweka vya dukani tu?”

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nyavu za siku hizi ni za nailoni, nayo ni plastiki. Wavu ukinasa kwenye matumbawe ukakatika, huendelea kukamata samaki bila mvuvi wala mashua, na samaki hao hawamfikii mlaji yeyote sokoni. Mimi nilikuwa nimetunga utenzi mzima juu ya bahari bila kuugusa, labda kwa sababu niliogopa kuwakosea watu ninaoishi nao, na hofu hiyo haikuwa na msingi, maana mwenyewe ndiye aliyeuliza.

Kesho yake alimtuma mjukuu wake na kipande cha wavu mkuukuu. Kipo mezani sasa, kinanuka mwani, na mafundo mawili aliyoyafunga mzee kwa mkono wake alipokuwa akiushona bado yamekaza. Ubeti wa nane nimeshautunga; picha zake nitaanza kuzipiga jioni hii, upepo ukitulia.