Sitaha ya mashua ya babu

Leo hapa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, tumemaliza kung'oa mbao mbovu za sitaha ya mashua ya babu. Ni ya mvule, na imekaa nchi kavu tangu mzee aache kuvua.

Nyingi zimeoza kuzunguka misumari tu. Msumari ukishika kutu, maji hupenya papo hapo.

Halafu fundi akapiga randa ubao mmoja uliobaki mzima.

Chini ya weusi wote ule, mvule ukatokea na rangi ya dhahabu, na harufu yake bado ipo! Nimeupapasa, machozi yakanilengalenga.

Kesho ni kalafati: pamba yenye mafuta, inagongwa kwenye kila mwanya.

Wenzangu wa ziwani, sitaha mnaipaka mafuta au rangi? Mimi natamani mvule uonekane.