Siku moja maishani mwangu: umeme, gesi na maji moto chini ya paa moja la Lamu

Saa kumi na moja unusu alfajiri, baada ya sala, nilipanda ngazi hadi juu ya paa la nyumba ya wageni ninayoitunza hapa mtaa wa Mkomani, nikasoma kipimajoto cha matangi ya maji moto, nikashuka jikoni kupima uzito wa mtungi wa gesi. Tangi lilisoma digrii 51. Mtungi, nilipotoa uzito wake mtupu uliochongwa shingoni, ulikuwa umebakiwa na kilo 3 tu. Nilikuwa nimeagiza mtungi mwingine siku mbili kabla.

Watu wengi mjini hunijua kama fundi wa mitungi, kwa kuwa wanachokiona ni mimi nikitembea vichochoroni nyuma ya punda aliyebeba gesi. Kazi yenyewe ni kuvifanya vitu vitatu, yaani umeme, gesi na joto la maji, visaidiane katika nyumba yenye vyumba 14, ili tuchome gesi kidogo iwezekanavyo. Zamani kila kimoja kilikuwa na fundi wake na bili yake. Fundi wa umeme hakujua kwamba friza ya samaki ilikuwa ikitupa uani joto lile lile ambalo fundi wa bomba alikuwa akilinunua kwa gesi. Friza huondoa joto katika samaki, ikaongeza na joto la umeme inaoutumia, kisha ikalimwaga lote nje. Sasa joto hilo hupita katika bomba la shaba lililosokotwa, lenye kuta mbili ili gesi inayozunguka ndani ya friza isigusane kamwe na maji, na maji yanayoelekea matangini hupata uvuguvugu kabla hata jua halijachomoza.

Matangi ni matatu, ya lita 300 kila moja. Kuyaweka juu kulinigharimu usingizi wa wiki nzima, maana tangi moja likijaa ni zaidi ya kilo 300, na paa la nyumba ya kale ya Lamu limekaa juu ya boriti za mikoko. Hatukuthubutu kuyaweka katikati ya chumba; yote yamekaa juu ya kuta nene za mawe ya matumbawe, upande usioonekana kutoka barabarani, kwa kuwa mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na sura yake ni amana. Kupasha lita hizo 900 kutoka digrii 28 hadi 60 huchukua takriban uniti 33 za umeme, ilhali betri zetu zinahifadhi uniti 10. Ndiyo maana umeme wa paneli za jua unapozidi saa za mchana, tunaupeleka kwenye koili ya tangi, yaani waya wa kupashia maji. Maji moto ndiyo ghala letu kubwa na la bei nafuu kuliko yote.

Asubuhi ilipita kwa kazi za kawaida: kufuta vumbi la chumvi kwenye paneli, kukaza mpira wa gesi na kuupaka povu la sabuni kuangalia kama unavuja, kubadilisha swichi ya chumba kimoja.

Saa nne niliteremka gatini. Maji yalikuwa yamekupwa sana, kwani ni siku za bamvua, na ngazi za chini zilikuwa wazi, zimejaa utelezi. Wakala wa gesi aliniambia kwa simu kwamba lori lilikuwa limechelewa kati ya Garsen na Mokowe, gati ya bara ambako mizigo hupakiwa mashuani. Nilipompigia tena, alisema lori limefika lakini nahodha amekataa kuchanganya mitungi na abiria, jambo ambalo kwa haki alikuwa sahihi. Mara ya tatu hakupokea. Nilisimama juani kwa zaidi ya saa moja, na kichwani nilikuwa nikihesabu: chai ya asubuhi imekula kilo moja, kwa hiyo zimebaki mbili, na mchana kuna wageni 22 wanaongoja wali wa nazi na samaki wa kuoka.

Niliporudi, umeme wa gridi ulipotea.

Mpishi wetu, mama wa makamo ambaye hana muda wa maelezo marefu, aliniambia, "Mwanangu, nataka joko la umeme sasa hivi, au nitoke niwaambie wageni waende wakale kwingine." Joko lile linakula kilowati 3, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa matumizi ya nyumbani, haivuki kilowati 5. Nilizima koili ya tangi. Nilizima pampu, kwa kuwa tangi la maji baridi lilikuwa limejaa. Niliifungia kompresa ya friza kwa nusu saa na kumwomba kila mtu asiufungue mlango wake, maana barafu iliyomo ndani nayo ni akiba. Jua lilikuwa kali na paneli zilikuwa zikitoa zaidi ya kilowati 4, hivyo samaki wakaingia jokoni. Kwa wali, nilimletea mpishi maji ya tangini, ambayo kufikia saa hiyo yalikuwa yamepanda hadi digrii 68. Maji ya digrii 28 yanahitaji kupanda digrii 72 ili yachemke. Haya yalikuwa yamekwisha kupanda 40. Gesi ilibaki na kazi isiyofika nusu. Nilichutama kando ya jiko nikautazama moto wa buluu, na sufuria ilipoanza kutokota mapema kuliko alivyozoea, mama yule alinitazama, akaongeza tui, akasema tu, "Haya."

Wageni walikula saa nane na robo. Mmoja wao, kutoka Copenhagen, aliomba kuona paa. Kwao Denmark takriban theluthi mbili za nyumba hupashwa joto kwa maji yanayopita katika mabomba chini ya mji, na upepo unapovuma sana umeme wa ziada huchemsha maji katika matangi makubwa. Sisi hatuna haja ya kupasha vyumba, bali ni wazo lile lile. Alishangaa kuliona hapa. Mimi sikushangaa, kwa kuwa tulioishi Lamu tunakumbuka mji ulipotegemea jenereta za dizeli, kabla ya laini ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kutufikia, na tunakumbuka pia mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019. Tuliobishana kuhusu moshi ule tuna wajibu wa kuhesabu na moshi wetu wenyewe: kila kilo ya gesi tunayochoma hutoa takriban kilo 3 za kaboni dioksidi.

Umeme ulirudi alasiri, sikuangalia saa. Mitungi nayo ilifika: minne, yote ya kilo 13, ilhali bomba la jikoni limefungwa kwa mtungi wa kilo 50 na vichwa havilingani. Kijana wa punda alikuwa amekwisha kuipandisha kutoka gatini, jasho linamtiririka, na kosa halikuwa lake. Nilimlipa, nikamwomba radhi, nikamsaidia kuirudisha. Mgongo uliniuma kila ngazi.

Baada ya isha nilipanda tena juu. Digrii 63. Chini, mtungi ulikuwa na kilo 1 na robo, ya kutosha chai ya alfajiri. Niliandika yote mawili katika daftari, nikamtumia mpishi ujumbe kwamba mandazi yasubiri jua lipande, kisha nikaiwasha koili ya tangi la tatu kwa saa moja.